Tovuti Iliyotoa Joto

Siku ile mjinga alikuwa Ambakisye, na mwenyewe hakatai. Enzi hizo tovuti zilikwisha kuanza kutoa joto kwenye kioo cha simu, naye akamtengenezea mkewe Tusekile, fundi wa meko ya sebuleni kwenye baridi ya Isyonje, tovuti ya kuuzia meko hayo, inayowaka kama mkaa.

"Mama Gwantwa," akamwita mkewe, "njoo uone! Watu elfu tatu wameingia tangu asubuhi, na hakuna anayetoka!"

"Walioagiza meko wangapi?"

"Bado. Wakishaonja joto wataagiza tu!"

Tusekile akamwonyesha sebuleni. Mama mkwe wake ameyapa kisogo meko yenye moto, amekumbatia simu, macho ameyafumba.

"Mama yako nimemjengea kwa mikono yangu, na bado anaota tovuti yako. Hao wengine waniagize meko ya nini?"