Kunguni wa Safu ya Mbele

Pini ilikuwa tayari kati ya vidole vya Mshonaji, lakini alijiambia angoje kidogo. Mtu mzima hakurupuki.

Mbele yake, safu ya kwanza, walikaa wanawake watatu wa rika lake, na watatu hao walikuwa wamemtia kichefuchefu tangu onyesho lianze. Wa kushoto alikohoa kikohozi cha kujitengenezea, kisha akaguna kooni, mmm, mmm, kama cherehani iliyokosa mafuta. Wa kulia alipiga vidole juu ya mkoba wake bila kupumzika. Wa katikati ndiye aliyezidi. Alivaa kilemba kikubwa kama mto wa kulalia, na kila kijana wa jukwaani alipopandisha sauti, kilemba kilitikisika kushoto, kulia, kushoto.

"Kaingia mapema," alisema mwenye kilemba. "Watoto wa siku hizi hawangoji."

"Pumzi hana," akajibu mwenye mkoba.

"Na nyinyi haya hamna," Mshonaji alinong'ona. Rafiki yake Mkunga, aliyekaa kushoto kwake, akacheka puani. Kulia kwake alikuwa Mpishi, anayepikia shule nzima na bado hupata nafasi ya kusengenya. Marafiki hawa watatu walikuwa pamoja tangu walipokuwa wakiazimana kalamu.

Hawakuja kwa ajili ya vijana. Walikuja kuwasikiliza Madada wa Alfajiri, ambao wangefunga onyesho. Enzi zile ilikuwa redio tu, hakuna aliyewahi kuwaona. Hata kwenye kasha la kanda yao walichora jogoo, na Mpishi aliapa mpaka leo kwamba lazima mmoja wao alifanana naye.

Mshonaji alifungua duka lake kwa sauti zile asubuhi zote za maisha yake. Alipofiwa na mumewe, watu walimwambia ainuke, hakuinuka. Ukaja redioni wimbo wao wa mgeni asiyebisha hodi, akainuka, akakalia cherehani. Sasa Madada hao walikuwa wametangaza kwamba baada ya leo hawaimbi tena. Naye alikuwa hajawahi kuwasikia ila kwa kupitia mkwaruzo wa redio mbovu. Leo alitaka kila neno, bila mkohoaji wala mpiga mkoba.

Ustaarabu alikwisha kuujaribu. Aliinama akasema, "Dada zangu, tunaomba nasi tusikie."

Mwenye kilemba aligeuka, akamtazama kwa upole wa kuudhi. "Utasikia tu, dada yangu. Subira." Kisha mwenzake akaendelea, mmm, mmm.

Hapo ndipo pini, aliyokuwa ameichomoa ukosini, ilipoanza kazi.

Viti vilikuwa na uwazi mgongoni. Mshonaji hakudunga, aligusa tu, kama anayeonja ncha ya sindano. Mwenye mkoba akaruka kidogo, akajikuna. Akamgusa mkohoaji. Naye akajikuna. Kwa mwenye kilemba pini ilikaa kidogo zaidi.

"Kuna kitu hapa," alisema mwenye kilemba.

Mkunga akasogeza uso mbele. Uso huo umewaambia wanawake wengi "bado kidogo tu" ilhali bado sana, kwa hiyo ukisema jambo unaaminiwa.

"Poleni, dada zangu. Hamkuambiwa? Ni kunguni. Viti hivyo vya mbele ndivyo maskani yao. Jirani yangu alikaa hapo, akawapeleka nyumbani, mpaka mumewe kahamia kwa mama yake."

"Kunguni?" Mkohoaji aliinuka, na kikohozi chake kikapona papo hapo.

"Wadogo wadogo," Mpishi akaongeza. "Hupenda vilemba."

Basi ikawa kukung'uta nguo, kupekua mkoba, kufungua kilemba. Mwenye mkoba alisema wavumilie, bado kidogo tu. Mwenye kilemba akamkata kauli. "Nijikune mbele za watu, mimi? Na umri huu? Shughuli watamaliza wenyewe." Wakatoka kwa mlango wa pembeni, mikono ikifanya kazi migongoni.

Mpishi aliwafuata kuhakikisha. Alirudi akijifuta machozi ya kicheko. "Wamepanda teksi. Wa kilemba kamwambia dereva apite kwanza dukani kwa dawa ya wadudu."

"Mungu atusamehe," alisema Mkunga, huku akihamia kiti cha mbele.

Walivikalia vile viti vitatu kama wakwe waliokuja kupokewa. Mshonaji alirudisha pini ukosini, akavua viatu, akanyoosha miguu. Mbele yake hapakuwa na kilemba wala kikohozi. Jukwaa zima lilikuwa lake.

Vijana walimaliza. Ukumbi ukawa na kimya kile alichokitaka Mshonaji. Mshereheshaji akaja na kipaza sauti, mnyenyekevu kama bwana harusi.

"Sasa wale mliowafuata. Wazee wetu wamekataa kukaa nyuma ya jukwaa. Walisema wameimba maisha yao yote bila kuwaona wasikilizaji wao, basi leo watakaa nao. Sura zao hata mimi sizijui, tumeongea kwa simu tu. Ila wamekuwa nasi tangu mwanzo, safu ya mbele, viti vitatu vya katikati."

Taa kubwa ikahama jukwaani, ikashuka taratibu. Nyuma yao ukumbi mzima ulisimama, watu wengine wakilia.

Mshonaji alitafuta viatu kwa vidole vya miguu, asivipate.

"Ubeti wa kwanza ninao," alimnong'oneza Mkunga. "Wa pili unaujua?"

Mpishi hakuwasikia. Alikuwa amekwisha kusimama, anapunga mkono.