Hodi ya Mfumo Mwingine

Siku hizi kila nyumba huchagua mfumo endeshi wake, na mlango humsikia mwenye mfumo huo tu. Nilipoolewa nilihamia Feruzi, mfumo wa wakwe zangu. Mama alibaki na Huria, ule wa bure.

“Hodi!” Mama aliita nje. Mlango ulinyamaza. Ningeweza kuufungua kwa mkono, lakini taa ya sebuleni ingewaka nyekundu, na wakwe wangejua kwetu tunatumia nini.

“Kuna mtu?” aliuliza mama mkwe.

“Hapana,” nikajibu, kisha nikakohoa kwa nguvu kuifunika hodi ya pili.

Hodi ya tatu haikuja. Sauti ya mama ilipita chini ya mlango, taratibu:

“Kikohozi hicho kinataka tangawizi, mwanangu. Nitakuletea siku utakayokuwepo.”