Sheria Imekataa

Wakili Pendaeli alimwomba Shaweji atoke nje ya ofisi kidogo, kwa sababu alitaka kuzungumza na mama yake peke yake. Mlango ulipofungwa, alimgeukia Bi Zamzam, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

"Bibi, nyumba yako unampa mwanao kwa hiari yako?"

Bi Zamzam alipapasa upindo wa kanga yake.

"Anataka kuiuza," alisema hatimaye. "Mimi nataka kufia mle. Lakini nikimkatalia, nani ataniangalia?"

"Basi leo hatuandiki kitu."

"Usimwambie nimekataa, mwanangu. Mwambie sheria ndiyo iliyokataa."

Shaweji alipoitwa, wakili alimwambia hivyo hivyo. Shaweji alimtazama wakili, kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Sheria," alisema, akatoka.

Bi Zamzam aliinuka haraka akamfuata. Ofisi ilikuwa ghorofani, na alipofika kwenye ngazi alishika ukuta, akateremsha mguu taratibu kutafuta pa kukanyaga.

"Shaweji," aliita. "Nisubiri, baba."

Huko chini pikipiki waliyokuja nayo ilisikika ikiwashwa.