Vyuma Vyeusi vya Injini ya Marehemu

Mama Adero alikipokea kigari cha moshi kwa mikono miwili, akakiweka mezani, nyumbani kwake Nyalenda, mbele ya wageni waliokuja kumkumbuka mumewe. Nilikuwa nimekiunda kwa shaba kwa miezi mitano, mfano wa injini aliyoiendesha marehemu.

Kidole chake kikasimama kwenye vyuma virefu vya ubavuni, vile vinavyosukuma magurudumu.

"Mbona hapa ni nyeusi, Mzee?"

Nilikohoa, nikasimama. Nikaeleza kwamba niliagiza dawa Nairobi, nikavichovya vyuma hivyo mpaka mng'ao ukaisha, kwa sababu kitabu cha Kiingereza kinasema injini halisi haimetameti.

"Huyu amekuja na kitabu mpaka matangani!" shemeji yake akasema, watu wakacheka.

Mama Adero hakucheka. "Baba Adero alikuwa anasugua hizi kila asubuhi kabla ya safari, na fulana yake. Mimi nafua hayo mafuta mpaka mikono inachubuka. Stesheni yote ilijua injini yake kwa kung'aa."

Nami nilikuwa karani wa stesheni hiyohiyo kwa miaka kumi na tisa. Nilipita kando ya vyuma hivyo kila siku, macho yangu yakiwa kwenye daftari la masomo ya jioni.

Akashika pembe ya leso yake, akaanza kusugua.

"Itatoka, Mzee?"

Nilijua kitambaa hakiwezi kuitoa dawa ile. Wageni wote walikuwa wakiniangalia.

"Sugua tu, mama," nikasema. "Itatoka."