Kilemba cha Wajina

Mpambe wa diwani alimkuta Zamoyoni Kirobo jikoni, akamkabidhi kilemba chekundu. "Vaa tukupige picha, mama. Ukigombea udiwani, watu watakuchanganya na mpinzani wetu, mwalimu Zamoyoni Kirobo, yule wa kilemba chekundu anayetupigia kelele za maji. Wewe kaa kimya. Tunataka jina tu."

"Jina tu?" Zamoyoni alifoka. "Bibi yangu alinirithisha jina hili, akanitemea mate ya baraka utosini, halafu wewe unifanye mtego wa kura? Mwaka mzima bomba limekauka, leo ndiyo umelijua jina langu?"

Akakisokota kilemba kikawa ngata, akajitwika ndoo tupu, akashika njia ya kwa wajina wake.