Kompyuta Iliyoombewa

Kioo kizima cha kompyuta ya mkononi kilikuwa na maneno tisa tu, makubwa kama matofali, na la tisa lilikuwa limekatwa mkia.

"Hii ni ajali," mkwe akasema, akikunja mikono ya shati. "Mama, imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, baba. Iliniuliza kama isasishwe. Nikaona si adabu kuikatalia."

Binti yake, aliyekuwa ameegemea mlango, akaangua kicheko. "Mama! Kompyuta ya umri ule unaisasisha? Ni kama kumvalisha babu viatu vya kuchezea mpira!"

Mkwe alikuwa fundi wa majokofu, na aliamini kwamba kitu chochote chenye waya lazima kimheshimu. Isitoshe, hii ilikuwa mara yake ya kwanza kumfanyia kazi mama mkwe. Akauliza masomo ya jioni yanaanza saa ngapi.

"Saa kumi na mbili. Leo ni zamu yangu kusoma insha mbele ya darasa."

"Na leo ndiyo mwisho," binti akaongeza, kicheko kimemwisha. "Mara mbili amesimama na karatasi, akaitazama, akakaa chini. Woga tu. Mwalimu kasema asiposoma leo, anarudishwa kwa wanaoanza."

"Basi leo mama atasoma," mkwe akasema. "Insha imo humu?"

"Yote. Nimeiandika wiki hii hii."

Ilikuwa saa tisa na robo. Mama akavuta kiti, akaketi nyuma ya mkwe wake, akainamisha kichwa. Midomo ikaanza kucheza bila sauti.

"Anaomba," binti akamnong'oneza mumewe. "Ukishindwa hata kwa maombi ya mama, basi urudi kwenye majokofu yako na usitoke tena."

Mkwe akapekua huku na huku, kisha akapiga meza. "Nimeipata! Draiva ya picha. Sasisho limeleta mpya, na mashine hii kongwe haielewani nayo."

Mama akafumbua jicho moja. "Draiva? Na haina hata magurudumu?"

Walicheka mpaka mkwe akafuta machozi. Akaeleza kwamba draiva ni programu ndogo inayoielekeza kompyuta namna ya kuchora kwenye kioo. Isipopata inayoifaa, inachora kwa kubahatisha, na kila kitu kinavimba.

Akaiondoa ile mpya. Akazima, akawasha. Maneno tisa.

"Pole, mwanangu," mama akasema, akamletea chai.

Akatafuta draiva ya zamani, akaanza kuipakua. Ikakwama katikati. "Pole, baba," mama akasema, na chai ya pili ikaja, imejaa hadi ukingoni. Mkwe gani anakataa chai ya mama mkwe? Aliinywa yote, ya moto, machozi yakimlenga, kompyuta ikimsubiri. Kikombe cha tatu kilikuja na mkate. Cha nne kilikuja na habari za harusi ya shangazi, tangu siku ya posa.

"Mama, mwache afanye kazi!" binti akalalamika.

"Mtu hafanyi kazi na koo kavu."

"Na mbona umechangamka hivyo? Saa kumi na moja hii!"

"Nikinuna itasaidia?"

Dakika ishirini baadaye draiva ya zamani ikaingia; kioo kikazimika, kikameta, kikawaka. Insha ikajitokeza, ukurasa mzima kwa mara moja, herufi ndogo, nyeusi, safi kama za kitabuni.

Mkwe aliruka, akagonga goti kwenye meza, akaruka tena. Binti akapiga vigelegele. Wakashikana mikono, wakaizunguka meza wakicheza kama watoto waliofunga shule. Mama peke yake hakuinuka. Alikuwa amefumba macho, amekaza ngumi, midomo inakwenda mbio.

"Anashukuru," mkwe akanong'ona, moyo umemlainika. Kisha akanyoosha kidole kwenye kitufe. "Ngoja niizime na kuiwasha, nihakikishe."

"Usithubutu!"

"Mke wangu, hakuna jokofu linalotoka mkononi mwangu kabla sijalizima na kuliwasha. Hiyo ndiyo kazi."

Akazima. Kompyuta ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Ilipowaka, ilitangaza kwa fahari kwamba sasisho limekamilika, kisha ikatoa matofali yake tisa.

Mkwe akateremka polepole mpaka sakafuni. "Imeirudisha ile draiva mpya yenyewe," akasema. "Mama, nimekuangusha."

"Wala, baba." Mama alikuwa ameshasimama, kompyuta ameikumbatia kifuani. "Mungu ni mwema. Inukeni, tutachelewa!"

Darasani, binti na mkwe walikaa benchi la nyuma kama waliofiwa. Mwalimu aliita jina la mama. Akaenda mbele, akaiweka kompyuta mezani, akaifungua.

Akasoma. Aliposoma maneno machache alibonyeza, yakaja mengine, akasoma na hayo. Sauti yake ilianza chini, ikapanda, ikatulia. Hakukwama popote. Alipomaliza, wanafunzi wenzake walisimama wakapiga makofi, na mwalimu akaufuta mstari aliokuwa ameuchora juu ya jina lake kwenye orodha.

Mkwe alikimbia mbele, akamkumbatia, akasahau kabisa kwamba huyu ni mama mkwe.

"Nisamehe, baba," mama akamnong'oneza sikioni, akicheka na kulia kwa pamoja. "Tangu saa tisa nilikuwa naomba ushindwe. Herufi ndogo sijaziona huu mwaka wa pili."