Ukuta wa Hondohondo

Enzi zile ndege walipokuwa wakiajiri mafundi, Hondohondo jike aliingia katika tundu la mti kutaga. Kwa desturi yao, mlango huzibwa kwa udongo, ukabaki upenyo mdogo wa kumlishia. Mwaka huo mumewe akaita mafundi wawili: Mchwa, mchapakazi asiye na maneno, na Nyigu mwenye majivuno.

"Shemeji, nimebuni udongo mpya wenye utomvu," Nyigu alitamba. "Nyoka atagonga mpaka achoke!"

"Na upenyo wangu je?" mke akauliza kutoka ndani.

"Mke wangu, waachie mafundi kazi yao," mume akajibu, akaruka kwenda kutafuta matunda.

Mchwa alianzia chini, Nyigu juu. Kila mmoja alidhani upenyo utaachwa na mwenzake, wala hawakuulizana. Kuta zikakutana, giza likamfunika mke.

Mume aliporudi aligonga mpaka mdomo ukapasuka. Udongo haukubanduka hata chembe.

"Ulikuwa upande wako!" Nyigu alifoka.

"Wako!" Mchwa akajibu.

Ndani, mke aligonga pia, kisha polepole, kisha basi. Kwa kelele zile, hakuna aliyemsikia.

Ukuta ule haujapata ufa mpaka leo. Nyigu huwapeleka wateja wapya wakauguse.